Kujitolea kwenye tamasha la ngoma kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika Mei simu zinaanza kuita. Maswali ni yale yale, kinachobadilika ni namba tu. Safari hii kamati imenikalisha chini niyajibu yote kwa mkupuo, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika daftari la zamu na ndiye ninayeamshwa usiku wa manane kuulizwa kama kuna mahali pa kuchaji simu. (Papo. Soma hadi huko chini.) Majibu ni ya kamati, ukikuta neno kali, hilo ni langu.

Tamasha ni la nani?

La kijiji chetu, huku mkoani Dodoma. Halina kampuni nyuma yake wala mwenye jina lililoandikwa kwenye bango. Mkutano mkuu wa kijiji unachagua kamati, na tamasha likiisha hesabu zinasomwa hadharani chini ya mbuyu, mbele ya watu waliosimama langoni na kuona wenyewe wangapi waliingia. Hapo ndipo utakapojua bibi asiyejua kusoma anavyoweza kukumbuka idadi ya madumu ya dizeli.

Uwanja ni shamba la uwele lililokwisha kuvunwa. Mwenye shamba anatuazima kwa sharti moja: tusiache humo kipande cha chupa, waya wala msumari, maana mvua zikianza ni yeye na jembe lake.

Huko Dodoma si ni jangwa?

Ndugu zetu wa Pwani wanapenda kusema hivyo, na sisi tumechoka kubisha. Jangwa halivuni zabibu. Hii ni nchi ya nusu jangwa: mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, jumla yake milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, halafu mbingu inafungwa. Utakapofika wewe, mwezi Julai, makorongo yatakuwa mchanga mtupu, migunga imebaki miiba, na ng'ombe wanaopita watakuwa wanatembea ndani ya wingu lao wenyewe la vumbi.

Jambo ambalo wageni hawalitegemei ni baridi. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua litakubabua, lakini usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo juu yake. Kila mwaka kuna kijana wa Dar es Salaam anayekuja na fulana tatu na kaptura, na kila mwaka ifikapo saa nne usiku anaonekana amejifunika gunia jikoni karibu na moto. Wamama wa jikoni wameshamzoea, ingawa si yule yule.

Kwa nini Julai?

Uwele na mtama vimeshaingia ghalani, kwa hiyo watu wana nafasi na wana chakula. Bunge la bajeti limekwisha mwishoni mwa Juni, hivyo vyumba vya wageni mjini vinapungua bei. Na lazima tumalize kabla ya Nanenane, sikukuu ya wakulima ya Agosti 8, maana wiki hiyo viwanja vya maonyesho vya Nzuguni vinameza kila hema, kila spika na kila fuso la kukodi lililopo mkoani. Tulishawahi kuchelewa mara moja. Tuliishia na spika za kanisani, moja ikiwa imepasuka.

Najiandikishaje?

Unaleta jina, umri, unakotoka, siku utakazokuwepo na kazi unayoijua kweli. Wa kijijini wanajiandikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, wa nje wanampigia katibu wa kamati. Daftari linafungwa wiki tatu kabla ya tamasha ili tujue mchele wa watu wangapi. Usiandike "kazi yoyote". Watu wa "kazi yoyote" ndio wa kwanza kukataa vyoo.

Kuna posho?

Hakuna. Naliandika mapema na kwa herufi zote ili tusije tukalaumiana.

Najua neno kujitolea limechakaa. Mtu akialikwa semina ya siku moja anaulizia posho kabla hajaulizia mada, na simlaumu, nauli haiokotwi barabarani. Lakini hela ya tamasha ina njia zake: dizeli ya jenereta, boza la maji, chakula cha vikundi vya ngoma na usafiri wa vile vinavyotoka mbali. Kinachobaki kinakwenda pale mkutano wa kijiji ulipoamua. Msimu uliopita kilikuwa mabati ya nyumba ya mwalimu.

Unachopata ni milo mitatu, mahali pa kulala, fulana moja na kuingia bure saa ambazo huna zamu. Wa kijijini na wa mjini wanapata sawasawa. Kuna mwaka tulijitia akili, tukawapa wa mjini nauli ya kurudia na wa kijijini tusiwape kitu, kwa hoja kwamba wao wako nyumbani. Ijumaa maneno yakazunguka. Jumamosi saa sita mchana hapakuwa na mtu hata mmoja wa kijijini kwenye matenki ya maji. Mabomba yako wazi, foleni inatukana, na wale wa nauli hawajui hata boza linaingilia njia gani. Jioni ile ile mwenyekiti wa kamati alizunguka nyumba kwa nyumba. Tangu hapo hakuna nauli kwa yeyote, na hakuna aliyeuliza tena kwa sauti.

Kazi ni zipi?

Lango na tiketi. Maji. Jiko, yaani kuchota, kukata, kupakua na kuosha masufuria ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuogelea ndani yake. Vyoo. Kupokea vikundi na kuvielekeza pa kulala. Meza ya watoto waliopotea, kazi ambayo inataka mtu mwenye uso wa upole na masikio magumu. Kuelekeza magari na bodaboda. Kupanga machinga na mama lishe ili wasizibe njia ya gari la wagonjwa. Nyuma ya jukwaa. Taka.

Wote wanaomba nyuma ya jukwaa. Nafasi za huko ni sita.

Kama una ufundi wowote, umeme, useremala, bomba, uuguzi, udereva wa gari kubwa, sema. Fundi bomba mmoja ana thamani kuliko washereheshaji kumi, na washereheshaji tunao wengi mno.

Zamu ina urefu gani?

Zamu ya mchana ni ya muda wa saa sita, ya usiku ni ya muda wa saa nne. Kila mtu zamu moja kwa siku, na kwenye siku tatu lazima mojawapo iwe maji, vyoo au taka. Hata katibu. Hata mimi.

Nimepangiwa nyuma ya jukwaa. Nijue nini?

Jua kwanza kwamba hujui. Nakueleza kwa uzoefu wangu mchungu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kupokea ala. Mzee mmoja akaleta ilimba yake, sanduku la mbao lenye vyuma vingi vya kupigwa kwa vidole gumba, limekolea moshi na mafuta ya mikono ya miaka. Nikaliweka kwenye meza, nikaona kwenye tundu la sanduku kuna utando mweupe wa buibui. Nikachukua kitambaa, nikaufuta vizuri, nikajisifu moyoni kwa usafi. Mzee akaja kujaribu. Akapiga mara tatu, akanyamaza. Akaigeuza ala, akachungulia tundu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mjukuu wangu, nani kamkata huyu ulimi?"

Ule utando haukuwa uchafu. Ni kiganda cha mayai ya buibui wa ukutani, cheupe na chembamba kama karatasi ya sigara, kinabandikwa juu ya tundu kwa makusudi ili kila chuma kikilia sauti itoke na mvumo, kama nyuki waliofungiwa kibuyuni. Bila huo ilimba inabaki kugonga tu kama makopo. Tulitawanyika vijana wanne kwenye nyumba za tembe, tukipapasa kuta na dari kwa tochi za simu, wenye nyumba wakituuliza tumepoteza nini. Tulipata viganda vitatu. Viwili vilipasuka mikononi mwangu. Cha tatu mzee alikibandika mwenyewe, mimi nikiwa nimeamriwa kusimama mlangoni. Alipanda jukwaani saa moja na nusu baadaye, na hakunitaja.

Kwa hiyo usifute kitu. Ngoma ukizikuta zimeanikwa juani au zimezunguka moto, usizihamishie kivulini kwa huruma. Ngozi inakazwa ili ngoma ilie vizuri. Usikalie ngoma. Usiweke soda juu ya ngoma. Ngoma za muheme ni za wanawake, wanazibana mapajani na kuzipiga wakiwa wima, na wanaozipokea na kuzibeba huku kwetu ni wanawake. Zeze lina nyuzi nyepesi na kibuyu kinachovunjika kwa kuangaliwa vibaya, tena ukikuta limelegezwa nyuzi, mwenyewe ndiye aliyelegeza.

Kwa mafundi wa sauti: ilimba na zeze havikutengenezwa kwa ajili ya uwanja, vilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokaa kuzunguka moto. Maikrofoni isogee karibu kabisa na sanduku. Ukiiweka mbali utalazimika kuongeza sauti, spika zitaanza kupiga mluzi, na wazee wataacha kupiga wakungoje umalize ugomvi na mashine zako. Marehemu Hukwe Zawose, mtu wa mkoa huu huu aliyefariki 2003, aliifikisha ala hii kwenye majukwaa ya Ulaya, kwa hiyo ya kwamba haiwezekani kuisikizisha uwanja mzima usituambie.

Mbona jukwaa limetazama magharibi? Jua la jioni si linawapiga wachezaji usoni?

Linawapiga. Upepo wa kiangazi huku unatoka mashariki, na unakuja na vumbi lote la mashamba yaliyo wazi. Jukwaa limeupa mgongo. Tuliwauliza wazee wachague kati ya jua machoni na mchanga kooni, wakachagua jua. Kwa sababu hiyo hiyo vyoo na jiko la kuni viko upande wa magharibi. Ukipangiwa kusimamisha kibanda chochote, hata cha kuuza karanga, uliza kwanza upepo.

Na hema likifungwa, kamba zote zifungwe. Kuanzia saa nne asubuhi upepo unaamka, na hema lililofungwa kamba tatu kati ya nne ni tanga.

Sijui Cigogo, lugha ya Wagogo wa huko. Itakuwa shida?

Kiswahili kinatosha kwa kazi. Lakini jifunze salamu. Mtu mmoja unamwambia "Mbukwa", watu wengi "Mbukwenyi". Ukiingia jikoni alfajiri ukasema "Mbukwenyi" kabla hujaulizia chai, chai itakuja na kiporo cha viazi. Kwa wazee shikamoo iko pale pale, na usimpite mzee aliyekaa ukamsalimia huku unatembea. Simama, inama kidogo, pokea marahaba yako, ndipo uende. Itakuchukua nusu dakika. Tumeshaona kijana mwenye kishikwambi na kitambulisho shingoni akiwapita wazee kumi wa kikundi cha ngoma bila neno, kisha akarudi kuwaomba wahame viti. Hawakuhama.

Nije na nini?

Viatu vya kufunika, vyenye soli ngumu. Miiba ya migunga inapenya ndala kama siagi. Hata matairi ya pikipiki yanalia. Kofia yenye ukingo. Kitenge, khanga au shuka nzito, ambayo mchana ni kivuli, jioni ni skafu ya vumbi, usiku ni blanketi. Sweta. Tochi. Chupa ya maji ya kujazia. Mafuta ya kupaka, kwa sababu midomo itapasuka hata kama wewe ni mtu wa kiume usiyepaka kitu. Sabuni, dawa zako unazotumia, kadi ya bima kama unayo, godoro jembamba au mkeka.

Usije na mifuko ya plastiki ya kubebea. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na mgambo wetu wanaikumbuka tarehe kuliko siku zao za kuzaliwa. Usije na spika yako.

Nitalala wapi?

Wanaume madarasani, shule ikiwa imefungwa. Wanawake kwenye nyumba za wenyeji waliojitolea vyumba na kwenye ukumbi ulio jirani na nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji. Ukipangiwa nyumba ya mtu, wewe ni mgeni wa mtu: usirudi saa nane usiku ukagonga dirisha, na asubuhi chukua ufagio au ndoo kabla hujaambiwa. Wenyeji watakukatalia. Shika hivyo hivyo.

Simu zinachajiwa kwenye nyumba ya jenereta, saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kwa zamu. Alfajiri jenereta linapumzika.

Chakula je?

Asubuhi chai na viazi au uji wa uwele. Mchana wali maharage. Usiku ugali, mara nyingi wa mtama au uwele, kwa mlenda, safwe (mboga ya majani ya huku) au nyama ya mbuzi siku ikiwa njema. Ugali wa uwele una rangi yake na ladha yake. Usiutazame kama umeletewa udongo. Mlenda unavutika, ndiyo maumbile yake, kata tonge dogo na uzungushe mkono. Mpishi mkuu anasimama akitazama nani kaacha, na ana kumbukumbu.

Asiyekula nyama atashiba vizuri tu. Mwenye mzio wa karanga aseme wakati wa kujiandikisha, tena aseme kwa kelele, kwa sababu huku karanga zinaingia kwenye mboga karibu zote.

Maji yapo?

Yapo, kwa sababu kuna watu wamelala macho kuyangoja. Boza linakuja alfajiri na alasiri, linajaza matenki matatu: moja la kunywa, lililotiwa dawa, na mawili ya kunawa na vyoo. Kazi ya zamu ya maji ni kuhakikisha hayachanganywi, ndoo haziingizwi ndani ya tenki, na mabomba hayaachwi wazi. Wenyeji wanaochimba mchanga wa korongo kupata ndoo moja wakiona bomba linamwagika chini, hawatasema neno. Watakutazama tu, na afadhali wangesema.

Kunywa kabla hujasikia kiu. Kwa mtu anayefanya kazi juani hapa, lita tatu kwa siku ndio mwanzo. Jasho linakauka kabla hujaliona, hivyo utadhani hutoki jasho. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, kaa kivulini, kunywa. Ukisikia kizunguzungu, nenda hema la huduma ya kwanza. Wanazo pakiti za ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, moja kwa lita moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja, vyote vya kusawazisha, vinafanya kazi ile ile. Bia haihesabiki.

Nge, nyoka?

Wapo, ni kwao. Kung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvaa. Usiingize mkono chini ya jiwe au gogo la kuni bila kulipindua kwa fimbo. Usiku tembea na tochi. Mtu akiumwa na nyoka asikate jeraha, asinyonye, asifunge kamba. Atulizwe, asitembezwe, aitwe dereva wa zamu. Gari moja linakaa usiku kucha limegeuzwa kuelekea barabarani, ufunguo kwa dereva, kwa ajili ya hilo tu. Hospitali ya Uhuru iko Chamwino, na zahanati ya kijiji inafunguliwa masaa yote siku za tamasha. Miaka yote hii majeraha tunayoyaona ni miiba, kuungua jikoni na vijana waliopanda mbuyu kutafuta mtandao.

Mimi ni mwanamke na nakuja peke yangu. Ni salama?

Hili linaulizwa sana na haki yako ulijibiwe bila mapambo. Kijiji ni salama kuliko stendi nyingi, lakini tamasha linaleta watu ambao kijiji hakiwajui, na giza la huku ni giza kweli.

Kwa hiyo zamu za usiku ni watu wawili wawili, na mwanamke hapangiwi lango la nje baada ya saa nne usiku asipotaka mwenyewe. Njia ya vyoo ina taa hadi asubuhi. Kila usiku kuna mama wa zamu, mtu mzima wa kijiji, amevaa kitambaa chekundu kichwani na anakaa palepale jikoni. Yeye ndiye wa kumwendea. Hatakuuliza ulivaa nini wala ulikuwa unakwenda wapi. Mwaka mmoja mpiga ngoma mmoja hodari alishika mkono wa msichana wa tiketi na hakuuachia alipoambiwa. Kikundi chake kilipanda jukwaani bila yeye, naye alikuwa tayari nyuma ya pikipiki akirudishwa kwao. Kubwa zaidi ya hapo ni la polisi, na mama wa zamu atafuatana nawe.

Nina miaka 16.

Njoo na barua ya mzazi na mtu mzima atakayekuwepo kijijini. Utapangiwa mchana tu, si lango wala jenereta. Chini ya miaka 15, njoo uchezee ngoma.

Mimi si raia wa Tanzania.

Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, hata ile isiyo na malipo. Wanaojitolea wanatakiwa kuwa na kibali, na kibali kinaombwa mapema, hakipatikani kwa kumweleza afisa wa Uhamiaji jinsi unavyoipenda Afrika. Kijiji hakitaandika barua ya kukusitiri. Usipokuwa na kibali, kata tiketi uje uketi kama wengine. Utacheza, hilo halina kibali.

Naweza kupiga picha na kurekodi?

Ukiwa kwenye zamu, hapana. Nje ya zamu, jukwaani piga upendavyo kwa kumbukumbu yako. Nyuma ya jukwaa na majumbani, omba kwanza. Watoto, omba kwa mzazi.

Kurekodi wimbo mzima ili uuze au uuweke mahali unapolipwa ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazigusa hata sanaa za jadi zisizo na mtunzi mmoja, kwa hiyo hoja ya "ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe" usituletee. Una mwenyewe, kakaa pale kwenye kigoda. Tena kuna nyimbo za jando na unyago ambazo vikundi haviziimbi jukwaani. Ukizisikia usiku kwa mbali kutoka nyumba fulani, zisikie kwa mbali.

Pombe?

Kwenye zamu hakuna. Baada ya zamu ni juu yako, ila pombe ya kienyeji inanywewa kwa kukaa na watu, na ina nguvu inayokuja kwa kuchelewa. Zamu ya saa kumi na mbili asubuhi haina ruhusa ya kichwa kuuma.

Nafikaje?

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR inakufikisha Dodoma kwa saa tatu na nusu hadi nne. Basi linashusha Stendi Kuu ya Nanenane. Kutoka mjini panda gari za Chamwino, utaje jina la njia panda utakayopewa na katibu, umalizie kwa bodaboda. Patana bei kabla hujapanda. Fika mchana; njia ya shambani usiku haina alama, na bodaboda mgeni wa huku atakuzungusha hadi umjue kwa jina.

Mnatoa cheti? Nasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na nahitaji.

Tunatoa barua yenye muhuri wa kijiji, ikitaja kazi uliyofanya na siku ulizofanya. Kama ulifanya vyoo itasema vyoo. Barua inasainiwa Jumatatu.

Kwa nini Jumatatu? Naweza kuondoka Jumapili usiku, ngoma ya mwisho ikiisha?

Tunajua kuna basi la usiku. Jumapili saa sita usiku kila mtu anakukumbatia, vumbi limeshuka, nyota zimejaa, na kazi inaonekana imekwisha. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndipo inapoanza, na siku hiyo watu hawafiki hata nusu ya waliokuwepo Ijumaa kupigania fulana.

Jukwaa linafumuliwa, mashimo ya vyoo yanafukiwa, matenki yanarudishwa. Halafu tunajipanga mstari mmoja upande wa mashariki wa shamba, mtu na mtu umbali wa mikono miwili, kila mmoja na kiroba chake, tunatembea polepole hadi mwisho, tunageuka, tunarudi. Vizibo vya soda, vipande vya waya, vichungi vya sigara, betri, kidani, jino la dhahabu mara moja. Mara tatu kwenda na kurudi.

Ikifika saa tano mwenye shamba anakuja. Hasemi kitu. Anavua makubazi yake, anayaacha pembeni, anaanza kulikata shamba peku kutoka kona hadi kona, mikono nyuma, na sisi tumekaa chini ya mbuyu tunatazama miguu yake. Akisimama na kuinama, tunainuka wote na viroba vyetu. Akifika ng'ambo bila kuinama, anapunga mkono, na katibu anafungua muhuri.

Magari ya mjini yapo hadi jioni.